Mpunga uliokataliwa kwa unyevu: viwango vya ununuzi wa akiba ya umma vipangwe vipi?

Katibu wa Bonde (Wete, Pemba)

Assalaam alaykum. Mimi ni katibu wa ushirika mdogo wa wakulima wa mpunga katika moja ya mabonde ya Wilaya ya Wete. Nina suali ambalo limenikaa rohoni tangu tulipomaliza mavuno ya masika, na nimeona nilieleze hapa kwa ukamilifu kwa sababu najua humu wamo watu waliowahi kufanya kazi za maghala na wengine waliosomea mambo ya kilimo.

Msimu huu tuliambiwa kwamba mpunga wetu utanunuliwa kwa ajili ya akiba ya chakula ya umma, kwa bei iliyotangazwa mapema na iliyo bora kuliko ile ya wachuuzi wanaotufuata shambani. Tulikusanya polo 43, kila moja kilo 75, tukazipanga katika baraza ya skuli, na siku iliyowekwa wanunuzi walifika na mizani pamoja na kipimo cha unyevu. Kijana aliyeshika kipimo alichoma polo tatu zilizokuwa mbele karibu na mlango, akatusomea 15.8, kisha 16.1, kisha 15.2, akafunga mkoba wake. Kiwango, alisema, ni asilimia 14. Polo zote 43 zikakataliwa pale pale, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kuisikia namba hiyo. Jioni ile mchuuzi mmoja alichukua polo 18 kwa bei aliyoitaka yeye, kwa kuwa wenyewe walikuwa na madeni ya kulimiwa na kuburugiwa ambayo hayangoji. Zilizobaki 25 zimo katika chumba changu cha uani hadi leo.

Sipingi kuwepo kwa kiwango. Mpunga wa akiba utaliwa na watu siku ya shida, na sitaki mtoto wa mtu apikiwe wali ulioota ukungu kwa sababu mimi nilikuwa na haraka ya fedha. Ninachotaka kukijua ni kwa nini iwe 14 na isiwe 15, kama mpunga uliozidi kidogo lazima ukataliwe wote au zipo nchi zinazoupokea kwa kukata bei, na kama polo tatu zinatosha kuhukumu polo 43.

Mpima Nafaka (Unguja)

Waalaykum salaam, ndugu Katibu. Nilifanya kazi ya kupima nafaka bara kwa miaka mingi, zaidi kwenye mahindi yanayonunuliwa kwa ajili ya hifadhi, kabla ya kuhamia huku kwa watoto wangu. Nitaanza na suali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye jibu la wazi zaidi.

Polo tatu hazitoshi. Kanuni ya uchukuaji wa sampuli ambayo tumeifuata miaka yote, na ambayo imo katika viwango vya kimataifa vya nafaka, inasema kwamba shehena isiyozidi magunia 10 huchomwa gunia kila moja. Kuanzia 10 hadi 100 huchomwa magunia 10 yaliyochaguliwa bila upendeleo. Na ikizidi 100 hutafutwa kipeuo cha pili cha idadi yote, yaani shehena ya magunia 400 huchomwa 20. Kwa polo zenu 43 zilipaswa kuchomwa 10, za mbele, za katikati na za ukutani. Bambo, yaani kile chuma chenye ncha cha kuchomea gunia, huingizwa kwa mshazari hadi kiini cha gunia, si juu tu karibu na mdomo, kwa sababu sehemu ya juu ndiyo inayokauka na ndiyo inayorudi kunyonya unyevu wa hewa. Kila kinachotoka katika bambo hukusanywa kwenye turubai moja, kikachanganywa, kikagawanywa mafungu manne, mafungu mawili yanayotazamana yakaondolewa, na kazi hiyo ikarudiwa hadi ibaki sampuli ndogo inayowakilisha shehena nzima. Hapo ndipo kipimo kinapowekwa. Na ndugu yangu, uliona kwamba kile kipimo kilikuwa kimewekwa kwenye mpunga? Vipimo vingi vya mkononi vina orodha ya mazao ndani yake, na kikiachwa kwenye mahindi kwa kusahau, namba kinayotoa kwa mpunga si namba ya kweli. Mkulima ana haki ya kuomba aoneshwe.

Kuhusu 14. Nafaka ni kitu kilicho hai. Inavuta pumzi, na inapovuta pumzi hutoa joto na maji. Ikiwa na unyevu mdogo pumzi hiyo ni hafifu mno, lakini unyevu ukipanda, nafaka hupata joto katikati ya rundo, ukungu huamka na fukusi huzaana. Kwa mahindi, kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, isiyozidi sehemu 10 katika bilioni kwa jumla, ambapo ile ya aina ya B1 peke yake haitakiwi kuzidi sehemu 5. Namba hizo zina makaburi nyuma yake. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliripotiwa kuugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa mabichi. Na mwaka 2016 tulizika watu Dodoma na Manyara kwa sumu hiyo hiyo. Mpunga hauathiriki kama mahindi na karanga, kwa kuwa ganda lake huilinda punje, lakini ghala lenye polo elfu kadhaa halisamehe. Polo moja yenye unyevu wa 17 ikiwekwa katikati ya nyingine huziharibu zile za jirani.

Kwa hiyo mpimaji hakukosea kuitaja 14. Alikosea katika njia ya kuifikia, na kwa maoni yangu hilo si kosa dogo.

Binti Mtambwe

Kaka Katibu, pole sana, na shukurani kwa Mzee Mpima Nafaka kwa maelezo yaliyonyooka. Mimi ni mzaliwa wa Mtambwe. Nilisoma shahada ya pili ya kilimo Hungaria, na huko nilikutana na mfumo wa Umoja wa Ulaya wa serikali kuingia sokoni kununua nafaka. Naomba nieleze kidogo, kwa sababu suali lako la kukata bei limejibiwa huko kwa undani, na lile jambo la kusikia kiwango siku ya kupima limewahi kufikishwa mahakamani.

Kwanza namna ulivyo. Serikali za Ulaya hazinunui nafaka ili zile, bali hununua ili bei isiporomoke ikamvunja mkulima, kisha huuza soko likitulia. Bei ya rejea ya nafaka ni yuro 101.31 kwa tani, na haijabadilika kwa miaka mingi, jambo linaloifanya iwe kama mkeka wa kumdaka anayeanguka, si ngazi ya kupandia. Ngano inayoletwa lazima iwe na rangi yake ya asili, isiwe na harufu ngeni, na isiwe na mdudu aliye hai wa aina yoyote, hata akiwa yai. Unyevu usizidi asilimia 14.5 kwa ngano na shayiri, na 13.5 kwa mahindi. Baada ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986 kipimo cha mionzi nacho kikaingizwa.

Kisha kuna vipimo vinavyotazama kazi ya punje yenyewe. Ngano ya kawaida lazima iwe na protini isiyopungua asilimia 11, na lita 100 zake ziwe na uzito usiopungua kilo 73. Hiki cha pili hakihitaji kufasiriwa kwa mtu wa Pemba. Bibi yangu alipokuwa akipima mchele kwa pishi, aliinyanyua kwanza mkononi kabla ya kumimina. Mchele wa mpunga uliojaa vizuri ulikuwa mzito, na ule uliotokana na mpunga wa mapepe ulijulikana kabla hata hajautazama. Kipimo cha maabara kinafanya vile vile, ila kinaandika namba. Kipo pia kipimo cha kuporomoka: unga huchanganywa na maji katika mrija, mrija ukatiwa kwenye maji yanayochemka, fimbo ndogo huachwa izame, na muda wa kuzama huhesabiwa. Usipungue sekunde 220. Punje iliyoanza kuota shambani kwa sababu ya mvua hutoa uji mwepesi, na fimbo huzama upesi.

Sasa kuhusu kukata. Mfumo wa Ulaya una kizingiti cha ubora ambacho chini yake hakuna kupokelewa, lakini juu ya kizingiti hicho kuna nyongeza na makato: nafaka kavu zaidi huongezewa malipo kidogo kwa tani, na yenye unyevu zaidi hupunguziwa. India nako ni hivyo. Ngano inayonunuliwa na serikali yao hulipwa bei kamili ikiwa na unyevu hadi asilimia 12, kuanzia hapo hadi 14 bei hukatwa, na zaidi ya 14 haipokelewi. Mpunga wao hupokelewa hadi asilimia 17, kwa kuwa haukai sana kabla ya kukobolewa. Tena mwaka 2023, mvua za nje ya msimu zilipoiharibu ngano ikiwa bado shambani, serikali yao ilipandisha kiwango cha punje zilizonywea na zilizovunjika kutoka asilimia 6 hadi 18 kwa kukata bei kwa daraja, ili mkulima asibebe peke yake mzigo wa mvua.

Nimefanya hesabu ya mpunga wenu. Wastani wa zile namba tatu ni 15.7. Polo 43 ni kilo 3,225. Kupata uzito wake ukiwa umekauka hadi 14, unazidisha kwa 84.3 na kugawa kwa 86, na jibu ni kilo 3,161. Maji yaliyozidi katika shehena yote yalikuwa kilo 64, hata polo moja haikutimia. Mnunuzi angeweza kuziandika polo 42, akaongeza gharama ya kuanika, na kila mtu akaenda zake kwa amani. Badala yake polo 18 zimeuzwa kwa mchuuzi.

Na hili la mahakamani. Hungaria iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004. Ni nchi isiyo na bahari, mahindi yake ni mengi, na kuyasafirisha hadi bandarini ni gharama, kwa hiyo wakulima waliyapeleka kwa wingi katika ununuzi wa umma na maghala yakafurika. Oktoba 2006 Kamisheni ya Ulaya ikatoa kanuni mpya iliyoweka uzito wa chini wa mahindi, kilo 71 kwa lita 100, ianze kutumika tarehe 1 Novemba. Mahindi yalikwishapandwa, yamekomaa, mengine yamevunwa. Serikali ya Hungaria ilishitaki, na tarehe 15 Novemba 2007 mahakama ya Umoja huo ikakifuta kipengele hicho cha mahindi, kwa sababu miongoni mwa nyingine kwamba wakulima walikuwa na haki ya kutegemea masharti yaliyokuwepo walipopanda. Profesa wetu mmoja alipenda kutuuliza darasani: mkulima angefanya nini mwezi wa Oktoba ili punje iliyokwishakauka iwe nzito zaidi? Hakuna aliyekuwa na jibu. Baadaye Umoja uliamua kupunguza kwa uwazi kiasi cha mahindi yatakayonunuliwa, hadi kikafika sifuri mwaka 2009, na ingawa wakulima hawakulipenda, walau liliitwa kwa jina lake. Kiwango cha ubora hakipaswi kutumika kama njia ya kupunguza mzigo wa ghala.

Kaka, unyevu ni afadhali kuliko uzito wa punje, kwa sababu mkulima anaweza kuurekebisha hata baada ya kuvuna. Lakini anaurekebisha ikiwa ameambiwa.

Mkarafuu Mkongwe (Mkoani)

Nimesoma yote kwa makini. Nataka kuongeza neno moja ambalo huenda halitampendeza kila mtu.

Sisi wa karafuu tumeuza kwa umma maisha yetu yote. Karafuu inauzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na kila anayeianika anajua tangu utotoni kwamba itatazamwa ukavu wake, rangi yake, makonyo na taka zilizomo, kisha itapewa daraja, na bei inafuata daraja. Hatukuzaliwa tunajua kuanika. Tulijifunza kwa sababu tofauti ya bei kati ya daraja na daraja ilikuwa inaonekana mkononi. Mama yangu alikuwa akiamka kabla ya wote wakati wa kuchuma, anatia mkono ndani ya karafuu zilizoanikwa jana, anavunja kikonyo kimoja karibu na sikio. Kikilia anazikusanya, kisipolia anazitandaza tena. Hakuna aliyemfundisha isipokuwa mizani ya kituoni.

Kwa hiyo naunga mkono daraja na makato, lakini makato yawe ya kuuma. Ikiwa mpunga wa 16 utakatwa yale maji tu, kama alivyopiga hesabu binti yetu, basi hakuna atakayejisumbua kuanika siku ya pili. Atasema na wakate, yote sawa. Ghala litajaa mpunga mbichi na gharama ya kuuanika itakuwa ya umma, hali ya hewa yetu wenyewe mnaijua, wakati wa masika hata chumvi ndani ya kopo inatoa maji. Kato lizidi uzito wa maji, na liwe linaongezeka kila nusu asilimia. Zaidi ya 16 lisiwepo kabisa. Hapo arudi nao nyumbani. Na kila kituo cha ununuzi kiwe na sakafu ya saruji na majamvi, ili anayekataliwa asubuhi apate nafasi ya kupimwa tena alasiri. Karafuu iliyorudishwa kuanikwa haikuwa aibu kwa mtu. Aibu ilikuwa ni kuiuza kwa magendo.

Binti Mtambwe

Mzee wangu shikamoo. Nakubali kwamba kato lizidi uzito wa maji, na hesabu yangu niliitoa ili kuonesha ukubwa wa tatizo, si kama pendekezo la bei. La kupimwa tena alasiri sikulifikiria, na naona ndilo jambo la maana kuliko yote niliyoyaandika.

Bibi Shamba wa Kaskazini (Unguja)

Naomba niseme kwa ufupi kuhusu kuanika, kwa sababu nimeona watu wakiharibu mpunga kwa kukimbilia hiyo 14.

Tandazeni unene wa vidole vitatu, si zaidi, juu ya turubai au jamvi, na mgeuze kila nusu saa. Jua la saa sita likiwa kali sana kusanyeni kwa muda au funikeni, kwa sababu mpunga unaokaushwa kwa pupa hupasuka ndani ya ganda bila kuonekana, na mashineni hutoka chenga tupu. Ukishakauka usiachwe nje usiku. Umande ukiingia katika punje iliyokauka huipasua vile vile, na wengi hawalijui hili, wanadhani kurudi unyevu ni jambo la kuanika tena tu. Baada ya hapo usikae katika polo wazi. Kwa hewa ya visiwani, mpunga uliofikishwa 13 ukiachwa wazi utapanda wenyewe hadi 14 na zaidi ndani ya wiki chache. Mifuko isiyopitisha hewa inasaidia sana, mradi mpunga uwe umekauka kabla ya kufungwa.

Mpima Nafaka (Unguja)

Bibi Shamba amenikumbusha. Kwa asiye na kipimo kuna njia ya chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia chumvi iliyokaushwa vizuri vijiko viwili au vitatu, jaza nafaka hadi thuluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikishika kwenye kioo, nafaka yako imezidi asilimia 15 au hapo karibu. Isiposhika, upo chini ya hapo. Haikupi namba ya 14, lakini inakuepusha kukodi gari bure.

Katibu wa Bonde (Wete, Pemba)

Nawashukuru nyote, na Mzee wa Mkoani namwambia kwamba maneno yake yamenipendeza ingawa alihofia kinyume.

Jana baada ya alasiri tulikaa watu sita uani kwangu tukajaribu chumvi. Tulichoma polo 10 kati ya zile 25, kama alivyoelekeza Mzee Mpima Nafaka, kwa kutumia bomba la plastiki tulilolichonga ncha kwa sababu bambo hatuna. Tulipima kila polo peke yake ili tujue ipi ni ipi. Katika polo tatu chumvi ilishika kioo kama theluji ya jokofuni, na zote tatu zilitoka shamba moja la chini ambalo lilivunwa siku ya mawingu. Katika saba haikushika hata punje moja. Mwenye shamba lile alikuwepo, na alisema mwenyewe kwamba alizifunga mapema kwa kuwa mvua ilikuwa inakuja. Hizo tatu, kumbe, ndizo zilizokuwa zimeshushwa mwisho kutoka garini na kupangwa karibu na mlango wa skuli.

Leo tumezitandaza zote. Barua kwa wanunuzi tumekwishaiandika na itapitia kwa sheha. Tunaomba mambo matatu tu: kiwango kitangazwe kabla ya kupanda, kwa maandishi, kibandikwe msikitini na skuli, polo zichomwe kwa idadi inayotakiwa mbele ya mwenye mpunga, naye aoneshwe kipimo kimewekwa kwenye zao gani, na shehena iliyozidi kidogo ipewe nafasi ya kuanikwa na kupimwa tena siku hiyo hiyo, au ikatwe bei kwa daraja linalojulikana. Upande wetu tumeahidi katika barua hiyo hiyo kwamba ushirika utapima kwanza kabla ya kukusanya, na mpunga wa kila shamba utawekewa alama yake ili shamba moja lisiwafungie njia wenzake. Wakijibu nitaleta jibu lao hapa.